Maswali na Majibu ya Upimaji: Travesi Inapokataa Kufunga

SWALI: Nimepima shamba kwa travesi (pande na pembe zinazopimwa kituo hadi kituo, kisha kufunga pale ulipoanzia) ya vituo vitano, mzunguko wa mita 640, kwa chombo kinachosoma pembe hadi sekunde 20 (nyuzi moja ni sekunde 3,600). Pembe za ndani zimejumlika nyuzi 540 na sekunde 40. Nimezirekebisha, lakini hesabu bado inaniangusha sentimita 6 mashariki na 8 kusini ya bikoni (alama ya upimaji iliyosimikwa ardhini) niliyoanzia. Je, tofauti yote niiweke kwenye upande wa mwisho? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Usifanye hivyo. Makosa madogo yaliingia katika kila upande, na ukiubebesha mmoja mzigo wote utapinda peke yake.

Anza na pembe. Pembe tano zinatakiwa kufika nyuzi 540 kamili, hivyo kila moja inapunguziwa sekunde 8. Hakikisha hukuziongeza, ndilo kosa tunalolikuta mara nyingi. Kikomo ni sekunde za chombo mara kipeuo cha pili cha idadi ya pembe: 20 mara kipeuo cha pili cha 5 ni kama 45, kwa hiyo 40 zinakubalika.

Sasa masafa. Sentimita 6 na 8, kwa kanuni ya Pythagoras, zinatoa kosa la sentimita 10, yaani 1 kwa 6,400 ya mzunguko. Linganisha na kiwango cha kazi uliyopewa. Likikubalika, tumia kanuni ya Bowditch: kila upande ubebe sehemu ya kosa kulingana na urefu wake. Upande wa mita 160 ni robo ya mzunguko, basi toa mita 0.015 kwenye mashariki yake na uongeze 0.020 kwenye kaskazini.

Kosa likiwa mita nzima, usigawe chochote. Tafuta mwelekeo wa lile kosa: upande unaokwenda sambamba nao ndio wa kupima upya kwanza. Kama ni pembe iliyoharibika, piga hesabu kwa kwenda na kwa kurudi. Kituo ambacho majira yake (namba zake za mashariki na kaskazini) yanakubaliana pande zote mbili ndicho kilichosomwa vibaya.

SWALI: Travesi yangu ilifunga vizuri mno. Mwenzangu amerudia kwa futi mpya ya chuma (utepe wa kupimia), upande wangu wa mita 120 kwake ni 119.92, na pande nyingine zimepungua kwa uwiano huohuo. Nani kakosea? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Kagua futi yako. Sentimita 8 kwa mita 120 ni sentimita 2 kwa kila mita 30, na kasoro ya namna hiyo tunaijua: futi ilikatika karibu na pete, ikaungwa kwa ribiti, kipande kikapotea. Joto halielezi tofauti hiyo, kwani nyuzi 15 zaidi hurefusha mita 30 kwa milimita 5 tu.

Umbo likikuzwa kwa uwiano mmoja linafunga kama kawaida, ndiyo maana hukushtuka. Bowditch haisaidii hapa. Zidisha kila umbali kwa 29.98/30, na kazi ijayo uifungie kwenye bikoni mbili zenye majira yanayojulikana. Umbali kati yake ungekufichulia kasoro hii siku hiyohiyo.