Uliza Ujibiwe: Video Ipo YouTube, Mbona Haionekani?

Nafuga kuku chotara na nina chaneli yenye video 40 hivi. Nazipa majina kama "KUKU PART 7 USIKOSE!!!" na hashtegi naweka za kutosha, lakini nyingi hazivuki watazamaji 60. Wenzangu wanaosema yaleyale wana maelfu. Nakosea wapi?
*Msomaji, Morogoro*

Unakosea kwenye kichwa kabla ya kitu kingine chochote. Mfugaji ambaye vifaranga wake wameanza kusinzia usiku haandiki "part 7" kwenye simu yake. Anaandika "vifaranga wanasinzia na kuharisha" au "dawa ya mdondo". Kama maneno hayo hayamo kwenye kichwa chako wala kwenye maelezo chini ya video, YouTube itakuunganishaje naye?

Fungua kivinjari katika hali ya faragha ili historia yako isiingilie. Nenda YouTube, andika "vifaranga", acha nafasi, na usibonyeze kutafuta. Orodha inayojitokeza chini inatokana na maneno ambayo watu huyaandika kweli. Ongeza herufi moja moja, "vifaranga k", "vifaranga w", na unakili unachokiona. Kisha ingia YouTube Studio, yaani ukurasa wa kusimamia chaneli yako, kwenye takwimu, ufungue vyanzo vya watazamaji na uchague utafutaji wa YouTube. Hapo yapo maneno yaliyowaleta hao wachache ulio nao. Mara nyingi utakuta waliuliza jambo ulilolitaja kwa sekunde 20 tu katikati ya video. Hilo ndilo la kulirekodia video yake yenyewe.

Angalia pia majina. Ugonjwa mmoja, huyu anauita mdondo, yule kideri, daktari wa mifugo anasema Newcastle. Weka moja kwenye kichwa na mengine kwenye sentensi mbili za mwanzo za maelezo, kwa sababu mistari hiyo ndiyo inayoonekana kabla mtu hajabonyeza kusoma zaidi. Kichwa kinaruhusu herufi 100, lakini skrini ya simu hukikata mapema, kwa hiyo neno la msingi litangulie: "Chanjo ya kuku chotara: ratiba ya siku ya 1 hadi wiki ya 8". Neno "usikose" halijawahi kumleta mtu aliyekuwa anatafuta chanjo. Hashtegi zikizidi 60 YouTube hupuuza zote, na tatu zinatosha. Zile tegi za kisanduku cha chini zina mchango mdogo sana, na YouTube wenyewe wanasema hivyo, isipokuwa kwa maneno ambayo watu huyakosea tahajia.

Kichwa kikimleta mtu, kazi inahamia kwenye nusu dakika ya kwanza. Fungua takwimu za video moja uangalie mchoro wa muda wa kutazama. Utaona ni asilimia ngapi walikuwa bado wapo sekunde ya 30. Chaneli nyingi za kwetu huanza na nembo inayozunguka na muziki kwa sekunde 12, kisha "kabla sijaanza naomba usabskraibu, gonga kengele, shea na wenzako". Mchoro hapo huporomoka. Mtu anatumia bando lake, hana muda wa nembo. Anza na kifaranga anayesinzia mkononi mwako, sema kitakachoonyeshwa, uingie kazini. Kengele iombwe baada ya kumsaidia.

Video ikizidi dakika tano, igawe kwa sura. Andika kwenye maelezo muda na jina la kila sehemu, mstari mmoja mmoja. Sharti wa kwanza uwe 0:00, sehemu ziwe tatu au zaidi, na kila moja iwe na sekunde 10 au zaidi. Ukianza na 0:05, sura hazitokei kabisa, na hili huwatesa wengi bila kujua sababu.

Usifute zile 40. Chagua tano zenye mada inayotafutwa, zibadilishe kichwa, usubiri kama wiki mbili, ndipo uguse kava, yaani picha inayoonekana kabla video haijafunguliwa. Ukibadilisha vyote siku moja hutajua kilichosaidia. Kava iwe na upana wa pikseli 1280 na kimo 720, maneno yasizidi manne, yasomeke kwenye simu iliyo mbali na uso. Kuhusu asilimia ya wanaobofya baada ya kuona kava, YouTube wanasema nusu ya chaneli na video zote ziko kati ya 2% na 10%. Ukiwa na 4%, usikeshe ukilihofia hilo.

Mimi hupika mapishi ya Kipwani. Video zangu fupi za Shorts zimetazamwa mara laki sita, lakini saa za kutazamwa hazifiki hata 200. Nimeibiwa?
*Mama wa mahamri, Mombasa*

Hujaibiwa, dada. Dakika zinazotazamwa kwenye mkondo wa Shorts hazihesabiwi kwenye zile saa 4,000 za masharti ya kulipwa. Kulipwa kwa matangazo kunataka wafuatiliaji 1,000 pamoja na kimojawapo: saa 4,000 za video za kawaida ndani ya miezi 12, au Shorts zilizotazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90. Huwezi kuchukua nusu huku na nusu kule.

Piga hesabu. Saa 4,000 ni dakika 240,000. Ikiwa kila anayefungua video yako ndefu hukaa dakika nne, unahitaji ifunguliwe mara 60,000 kwa mwaka, yaani 5,000 kwa mwezi. Kwa video 20 zinazotafutwa mwaka mzima, ni mara 250 kila moja kwa mwezi. Linawezekana, ilhali milioni 10 kwa siku 90 ni mlima kwa mapishi ya Kiswahili.

Kwa hiyo Shorts ziwe mlango. Onyesha mahamri yakifura kwenye karai kwa sekunde 25, halafu uunganishe na video ndefu kupitia sehemu ya video inayohusiana ndani ya Studio. Usiweke linki kwenye maoni au maelezo ya Shorts. Tangu Agosti 31, 2023 hazibofyeki. Na hiyo video ndefu ijibu tatizo, mathalani "kwa nini mahamri hayafuri", maana anayeharibikiwa na unga hutafuta kuliko anayejua. Tahadhari moja: ukiifanya video kuwa ya faragha au kuifuta, saa zake huondoka nayo.

Nimeweka wimbo wa Bongo Fleva sekunde 15 tu na nimemtaja msanii. Nimeletewa dai la hakimiliki. Chaneli inafungwa?
*Msomaji, Mwanza*

Haifungwi kwa dai la Content ID, mfumo wa YouTube unaotambua wenyewe nyimbo na video za watu. Kwa kawaida video hubaki, ila mapato yake huenda kwa mwenye wimbo. Hakuna kanuni ya sekunde 10 wala 30, na kumtaja msanii si ruhusa. Ndani ya Studio unaweza kukata kipande, kunyamazisha wimbo, au kuubadilisha kwa muziki wa bure wa maktaba ya YouTube. Ukipinga, mdai ana siku 30 za kujibu, na ukipinga bila haki unaweza kuangukia onyo la hakimiliki. Onyo ndilo la kuogopa: hudumu siku 90, na matatu ndani ya muda huo yanaondoa chaneli.

Kuna kundi la WhatsApp la "nisabskraibu nikusabskraibu". Nijiunge?
*Msomaji, Kigoma*

Usijiunge. Ni kinyume cha sheria za YouTube, na hao watu hawatazami. Utapata 1,000 bila saa.

Nimeshakubaliwa kulipwa. Barua ya PIN haijafika mwezi wa pili sasa, na kuna fomu ya kodi ya Marekani nimeiruka. Nifanyeje?
*Msomaji, Dodoma*

PIN, namba ya kuthibitisha anwani yako, hutumwa kwa posta ya kawaida salio likifika dola 10, na huchukua wiki mbili hadi nne. Kagua anwani kwenye AdSense, akaunti ya Google inayokulipa: iandikwe S.L.P. na namba yake, jina la posta na mji, kama inavyoandikwa kwenye barua zako nyingine. Kama unatumia sanduku la shule au kanisa, mjulishe anayelifungua, kwani ni kibahasha kidogo kinachotupwa kirahisi. Kisha omba PIN upya. Nafasi za kuomba zikiisha, utapewa njia ya kupakia kitambulisho. Usibahatishe namba: ukikosea mara tatu, matangazo husimamishwa.

Jina la mlipwaji lilingane na la akaunti ya benki, herufi kwa herufi. Pesa hutumwa salio likifika dola 100, kati ya tarehe 21 na 26, na benki hukata ada ya kupokea.

Fomu, ijaze leo. Mtu binafsi asiye Mmarekani hujaza W-8BEN. Tanzania haina mkataba wa kodi na Marekani, hivyo ukijaza unakatwa 30% ya mapato yaliyotokana na watazamaji walioko Marekani pekee. Usipojaza, inaweza kukatwa 24% ya mapato yote. Tuseme umeingiza dola 150, na 20 kati yake zimetoka Marekani. Mwenye fomu anakatwa dola 6, asiye nayo dola 36.