Zinki ya Boti Isipakwe Rangi

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Boti yetu ina shafti ya chuma na propela ya shaba. Fundi alifunga kipande cha zinki kwenye shafti, na sasa kimeliwa hadi kina mashimo. Mwenzangu anataka tukipake rangi kidumu. Mwanangu wa kidato cha tano anasema hiyo ni elektrolisisi. Nani yuko sahihi?
– Nahodha, Deep Sea, Tanga

JIBU: Marahaba, nahodha. Rangi msipake kabisa. Zinki hiyo imefungwa hapo ili iliwe. Mkiizuia, itakayofuata kuliwa ni shafti.

Metali hazishiki elektroni zake kwa nguvu sawa. Wanakemia hupima tabia hiyo kwa volti, wakilinganisha na elektrodi ya haidrojeni iliyopewa sifuri: zinki ni −0.76, chuma −0.44, shaba +0.34. Iliyo chini zaidi ndiyo huachia elektroni kwanza. Katika maji ya bahari tarakimu hubadilika, lakini mpangilio wa hizi tatu unabaki uleule. Chuma na shaba vikigusana ndani ya maji ya chumvi, chuma hutoa elektroni, kikageuka ayoni, yaani chembe zenye chaji ya umeme, na kupotelea majini. Zinki ikiwepo inatangulia yenyewe, na elektroni zake hukilinda chuma. Ndiyo maana lazima iguse chuma kitupu: kwangueni kutu na rangi chini yake kabla ya kukaza bolti. Ikiliwa nusu, badilisheni.

Mwanakemia Humphry Davy aliyaonyesha haya Uingereza mwaka 1824, kwa ajili ya merikebu za kivita zilizovishwa shaba chini. Vipande vya zinki na chuma viliizuia shaba isiliwe, lakini merikebu zikaota mwani na viumbe vya magamba, kwa sababu shaba iliyokuwa ikiyeyuka ndiyo iliyokuwa ikiwafukuza. Basi nanyi propela ikiota, msiilaumu zinki mkaing'oa. Ikwangueni mkiipandisha boti wakati wa bamvua.

Sasa kijana. Kwenye zinki yenu kemikali zenyewe ndizo zinazozalisha umeme. Elektrolisisi ni kinyume chake: umeme wa nje hulazimisha badiliko ambalo lisingetokea lenyewe. Seli ya zinki na shaba hutoa volti 1.10, ukitaka kuirudisha nyuma, lazima uisukume kwa zaidi ya hizo. Wanafunzi wengi niliowafundisha hukwama kwenye alama za chanya na hasi, kwa kuwa wamekariri kwamba anodi ni chanya. Hiyo ni kweli kwenye elektrolisisi tu. Zinki yenu ni anodi, nayo ni hasi. Anodi ni pale elektroni zinapong'oka kwenye dutu, iwe seli ya aina gani.

Ila elektrolisisi ya kweli inaweza kuingia botini, na hiyo ndiyo naiogopa zaidi. Waya chanya wa betri ukichubuka na kugusa maji ya ngama, yale yanayokusanyika chini ndani ya boti, chuma kilicho karibu kinaweza kulazimishwa kuwa anodi. Kati ya chuma na shaba kuna volti 0.78 tu, betri ina 12. Kipande cha zinki hakiwezi kushindana na msukumo huo. Kwa hiyo zinki ikiisha haraka kuliko kawaida, msikimbilie dukani kununua nyingine. Kagueni kwanza nyaya za pampu na za taa, hasa pale zinapopita chini ya mbao za sakafu.

Kijana akitaka kuona kwa macho, asugue msumari kwa msasa na kuuchovya kwenye maji ya mrututu, ile chumvi ya shaba ya buluu. Baada ya dakika chache utavaa wekundu wa shaba bila betri yoyote. Anawe mikono vizuri, mrututu ni sumu. Na nyaya za betri ya boti asizitumbukize kwenye maji ya chumvi chumbani: kwenye anodi hutoka klorini, gesi inayounguza mapafu.