Ukitafuta Kazi kwa Miezi Mingi: Jinsi ya Kupata Fedha Bila Kuacha Kutafuta

Wengi wanaoacha kutafuta kazi hawaachi kwa sababu ya kukataliwa. Wanaacha kwa sababu wameishiwa. Kodi imefika, deni limefika, maji yamefika shingoni, na mtu anashika kazi ya kwanza anayoiona, saa 12 kwa siku, siku 6 kwa wiki. Baada ya miezi 3 hajatuma ombi hata moja la kazi anayoiweza na kuitaka. Kwa hiyo tunaanza na fedha, CV itafuata.

Andika matumizi ya mwezi yasiyoepukika: kodi, chakula, simu na data, nauli, dawa kama zipo, deni lisilosubiri. Usikadirie kwa kichwa, pitia kumbukumbu za mwezi uliopita uone ulichotumia kweli. Kisha gawanya akiba yako kwa jumla hiyo. Tuseme akiba ni 900 na matumizi ni 300 kwa mwezi, kwa sarafu yoyote ile. Bila kipato chochote una miezi 3. Ukiingiza 120 kwa mwezi, pengo linashuka hadi 180 na akiba ileile inakufikisha miezi 5. Ukiingiza 200, pengo ni 100, nawe una miezi 9.

Tazama tena hatua hiyo ya mwisho. Umeongeza 80 tu, lakini umepata miezi 4 zaidi ya kutafuta. Kibarua cha kipindi hiki hakilazimiki kubeba maisha yako yote, kazi yake ni kupunguza pengo. Anayelielewa hili haangukii kwenye kibarua kikubwa kinachomeza wiki nzima. Anatafuta kidogo kinachomwachia asubuhi zake.

Katika akiba hiyo tenga fungu dogo la usaili: nauli ya safari 3, kuchapa nyaraka, data, na nguo moja safi iliyo tayari. Fungu hilo lisiguswe hata siku mboga imekosekana. Kukosa usaili kwa ajili ya nauli, baada ya kuuhangaikia kwa wiki 8, ni hasara inayozuilika kabisa. Na wanaokudai, zungumza nao kabla ya tarehe ya kulipa, si baada yake. Taja kiasi utakachoweza kukilipa kweli, hata kiwe kidogo, kisha mwandikiane. Anayekudai huvumilia kiasi kidogo kinachofika kuliko ahadi kubwa isiyofika.

Kibarua kipi?

Pima kila kibarua kwa kile kinachobaki kwa saa. Chukua cha kutwa kinacholipa 60. Nauli 10, chakula cha nje 6, inabaki 44. Saa 9 za kazi na 2 za njiani ni saa 11, kwa hiyo kila saa imekupa 4. Sasa chukua kumfundisha mwanafunzi wa jirani: 20 kwa saa 2, pamoja na saa 1 ya maandalizi, bila nauli. Hapo saa moja imekupa karibu 6.7, na siku yako bado iko mikononi mwako. Jioni mwenye 44 anaonekana amemshinda mwenye 20, ila yeye hana saa hata moja iliyobaki ya kuandika ombi. Hata hivyo, siku ambayo hakuna chakula ndani, chukua cha kutwa bila kujiuliza mara mbili. Hesabu hii ni ya kupanga wiki, haikusudiwi kumnyima mtu mlo.

Kibarua kinachofaa kinalipa ndani ya wiki, unaweza kukiacha kwa notisi isiyozidi wiki 2, na kinakuachia angalau nusu siku mbili katika siku za kazi, kwa sababu waajiri hawafanyi usaili saa 2 usiku. Simu yako nayo iwe inapatikana. Ukifanya kazi mahali pasiporuhusu simu, waombe wakuruhusu uiangalie kila baada ya saa 2, kisha umpigie aliyekutafuta siku hiyohiyo.

Ukiweza, chagua kilicho karibu na fani yako hata kama kinalipa pungufu kidogo. Mhasibu anayepanga vitabu vya maduka 3 ana cha kuandika kwenye CV: mhasibu wa kujitegemea, biashara ndogo 3, kufunga hesabu za kila mwezi na kuhesabu stoku. Pengo la ajira linakuwa mstari wa kazi. Anayetafsiri, anayehariri, anayetengeneza kompyuta au anayelea watoto huku akitafuta kazi ya ualimu naye afanye hivyo, kwa tarehe na idadi za kweli.

Kwenye bei ndipo watu huumia. Wanachukua mshahara wao wa zamani, wanaugawa kwa saa za mwezi, na kiasi hicho wanakifanya bei. Wanasahau kwamba katika saa 20 za wiki, zinazolipwa zinaweza kuwa 10 tu. Zilizobaki zinakwenda katika kutafuta wateja, kukumbushia malipo na kurekebisha kazi. Bei ya saa iwe karibu mara mbili ya hesabu ile. Kabla hujaanza, mwandikie mteja ujumbe mmoja wenye mambo manne: utakachokabidhi, tarehe, marekebisho mara 2 bila malipo ya ziada, na malipo. Nusu ilipwe kabla ya kuanza, nusu kabla ya kukabidhi kazi ya mwisho. Mteja mgeni akikataa malipo ya awali, mpe kipande kidogo kwanza, akilipie, ndipo muendelee. Anayekataa hata hilo muache.

Ukiuza bidhaa, adui wa kwanza ni mdomo wako mwenyewe. Umenunua kwa 100, umeuza kwa 130, usafiri 8: faida ni 22, si 130. Tumia nusu ya hizo 22, nusu iongeze mtaji, na ile 100 irudi kununua mzigo. Weka mtaji mahali tofauti na fedha ya matumizi, kwenye akaunti nyingine au hata bahasha nyingine, kwa maana vikichanganyika mtaji huliwa kabla hujajua. Usinunue mzigo ambao hutauuza ndani ya siku 10. Na kukopesha ndugu na marafiki huua biashara nyingi ndogo, nasi tunaona ni bora kusema tangu siku ya kwanza kwamba huuzi kwa mkopo kuliko kuanza kudai baadaye.

Kama unapokea mafao ya ukosefu wa ajira, soma masharti yake kabla ya kupokea malipo ya kibarua chochote. Mahali pengi kipato hicho lazima kitajwe, na anayeficha anaweza kutakiwa kurudisha alichopokea.

Kutafuta kwenyewe

Saa 15 hadi 20 kwa wiki zinatosha. Zaidi ya hapo mtu huanza kurusha CV ileile kila upande, na maombi 40 ya namna hiyo hayafikii 6 yaliyoandikwa kwa kusoma tangazo. Zitenge asubuhi, akili ikiwa bado safi, kisha kibarua kifuate.

Uwe na daftari au jedwali lenye tarehe, nafasi, mwajiri, CV uliyotuma, mtu wa kuwasiliana naye, tarehe ya kukumbushia na matokeo. Hifadhi pia nakala ya tangazo, kwa sababu huondolewa mtandaoni na wewe utaitwa wiki 5 baadaye hukumbuki walitaka nini.

Daftari hilo ndilo litakalokuambia tatizo liko wapi. Umetuma maombi 20 hadi 30 na hakuna aliyekuita: tatizo liko kwenye CV, au unaomba nafasi zisizokufaa. Unaitwa lakini huvuki usaili wa kwanza: tatizo ni maandalizi ya majibu. Unafika hatua ya mwisho kila mara halafu kimya: angalia wadhamini wako wanasema nini wakipigiwa, na kiwango cha mshahara unachotaja. Idadi hizo ni za kukadiria tu, lakini bila daftari mtu anayeshindwa kwenye usaili ataandika upya CV yake mara 10, wakati CV haina kasoro yoyote.

Kuhusu CV, kurasa 2 zinatosha kwa kazi nyingi, na theluthi ya juu ya ukurasa wa kwanza ndiyo inayoamua kama itasomwa. Waajiri wengi hupokea maombi kwa programu inayochuja maandishi, na programu hizo mara nyingi hushindwa kusoma majedwali, visanduku, safu mbili au namba ya simu iliyowekwa kwenye kichwa cha ukurasa. Kuna jaribio la dakika 2: nakili maandishi yote ya CV, yabandike kwenye programu ya kuandikia isiyo na mapambo, usome. Kama tarehe zimehama au simu haipo, huenda hivyo ndivyo upande wa pili unavyoiona. Tumia pia maneno yaleyale ya tangazo kwa jambo unalolijua kweli: wakiandika "ununuzi na ugavi", usiandike "manunuzi ya vifaa".

Baada ya kutuma, subiri siku 7 hadi 10 za kazi, ukumbushe kwa sentensi 3. Rudia mara moja baada ya wiki 2. Kisha funga mstari huo uendelee na mingine.

Watu ndio sehemu ambayo wengi huikwepa kwa aibu. Mwanasosholojia Mark Granovetter alionyesha mwaka 1973 kwamba habari za kazi hupita zaidi kwa watu tunaofahamiana nao kwa mbali kuliko kwa marafiki wa karibu. Jaribio lililochapishwa mwaka 2022, likihusisha zaidi ya watumiaji milioni 20 wa LinkedIn, mtandao wa kijamii wa mambo ya kazi, nalo liliona kwamba uhusiano wa mbali kiasi husaidia zaidi kuhamia kazi mpya kuliko ule wa karibu sana. Sababu yake inaeleweka: rafiki yako wa kila siku anajua yaleyale unayoyajua. Mliyesoma naye miaka 8 iliyopita anasikia mengine.

Andikia watu 5 kwa wiki. Usiombe kazi, omba habari: "Habari za siku nyingi. Natafuta kazi ya ununuzi na ugavi, hasa kwenye kampuni za usafirishaji. Je, unamfahamu mtu wa idara hiyo ninayeweza kumuuliza maswali mawili kwa dakika 10?" Kwa aliyekuzidi umri anza na shikamoo. Ujumbe wa aina hii unajibika, kwa kuwa anayesoma anaweza kutaja jina moja akamaliza. "Nisaidie kazi yoyote" haujibiki, maana haumwambii aanzie wapi.

Kwa usaili, andaa visa 6 vya kazi ulizofanya, kila kimoja cha dakika 1 hadi 2: tatizo lilikuwa nini, ulifanya nini wewe mwenyewe, matokeo kwa namba. Viseme kwa sauti, maana jibu lililo kichwani tu hugeuka refu likifika mdomoni. Swali la kwa nini huna ajira lijibiwe kwa sentensi 2, kisha urudi kwenye kazi inayoombwa.

Matapeli wanajua una shida

Kanuni moja inakuokoa na wengi wao: anayekuajiri hakutozi. Ada ya usajili, ya mafunzo, ya sare, ya kipimo cha afya kwenye kituo wanachokichagua wao, zote ni dalili mbaya. Mkataba Na. 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unawakataza mawakala wa ajira kuwatoza wafanyakazi ada, isipokuwa kwa vighairi vinavyoruhusiwa na mamlaka ya nchi.

Jihadhari pia na kazi ya kubofya au kupenda video, inayokulipa kidogo siku ya kwanza kisha ikakutaka uweke fedha "kufungua" malipo makubwa. Na kazi ya kupokea fedha kwenye akaunti yako na kuituma mbele ni utakatishaji wa fedha. Akaunti ni yako, jina ni lako, na wa kukamatwa ni wewe. Ukiambiwa ufanye jaribio la kazi, saa 2 au 3 zinaeleweka. Mradi mzima wa siku 4 bila malipo ni kazi waliyoipata bure.

Siku isiyo na umbo

Mwaka 1933 Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel walichapisha utafiti kuhusu Marienthal, kijiji cha Austria ambacho kiwanda chake cha nguo kilifungwa. Watu walikuwa na muda mwingi kuliko zamani, lakini waliazima vitabu vichache zaidi maktabani. Wanaume walitembea polepole barabarani, wakisimamasimama, na walishindwa kueleza siku yao ilikwendaje. Ukosefu wa kazi ulikuwa umechukua mshahara wao na umbo la siku pia.

Amka saa ileile kila siku ya kazi. Malengo ya wiki yawe ya vitendo ulivyo navyo mkononi, maombi 6 na ujumbe 5, kwa kuwa idadi ya simu za usaili huiamui wewe. Amua mapema utafanya nini ukikataliwa: utaandika tarehe kwenye daftari, utajibu kwa sentensi 2 za shukrani, kisha utatuma ujumbe mmoja kwa mtu mwingine. Jibu hilo la shukrani si adabu tu. Aliyechaguliwa wakati mwingine haji, na mwajiri hurudi kwa wa pili. Siku moja ya wiki usiguse kabisa mambo ya kazi. Huzuni ikikaa zaidi ya wiki 2, usingizi umepotea na hamu ya kula imekwisha, nenda kwa mhudumu wa afya kama ungekwenda kwa homa.

Ukipata kazi, endelea na maombi mengine mpaka uwe na mkataba uliosainiwa wenye tarehe ya kuanza. Ahadi ya simu huweza kufutwa kwa simu. Kibarua nacho usikiache siku unayosaini, maana mshahara wa kwanza huenda ukachelewa wiki 4 au zaidi, na nauli ya wiki hizo inatoka kwenye fedha ulizo nazo sasa. Waarifu wateja wako mapema, kamilisha kazi walizolipia nusu, na uwaombe maneno machache ya ushuhuda wangali wanakukumbuka.