Cheti cha babu: ofisi ya mji au kanisani?

Unauliza kama karani wa mji alikukwepa alipokwambia uende kanisani kutafuta tarehe ya kuzaliwa ya babu wa babu yako. Hapana, hakukukwepa. Katika miji mingi midogo, aliyeandika nani kazaliwa na nani kafa alikuwa padri, si serikali. Uingereza, makanisa yaliagizwa kuweka daftari la ubatizo, ndoa na mazishi mwaka 1538. Usajili wa serikali ulianza 1837. Karibu miaka 300 kanisa lilifanya kazi ambayo leo ni ya msajili! Ufaransa waliihamishia kwa mameya kwa sheria ya Septemba 1792, na madaftari ya zamani ya parokia yakakabidhiwa huko huko. Kwa hiyo kwanza jua nchi husika ilianza lini kusajili yenyewe, ndipo uchague mlango wa kubisha.

Angalia jambo moja linalowachanganya wengi: daftari la kanisa huandika siku ya ubatizo. Tarehe ya kuzaliwa wakati mwingine haimo kabisa, na mtoto angeweza kubatizwa kesho yake au baada ya miezi. Usiijaze siku ya ubatizo kwenye fomu kama siku ya kuzaliwa. Na kama ukoo haukuwa wa dhehebu la kanisa hilo, hapo utasugua benchi bure.

Parokia ikisema haina kitu, uliza jimbo la kanisa (dayosisi) au ofisi ya nyaraka ya mkoa. Madaftari ya zamani huhamishiwa huko mara nyingi.