Jibu kwa mzazi: mwanahisabati akitoka kazini hufanya nini?

Mleta mada, umeuliza jambo linalonigusa. Umesema binti yako amechagua kusomea hisabati chuo kikuu, nawe unahofu asije akawa mtu wa kujifungia na madaftari, hana lingine. Mimi nafundisha aljebra chuoni, huu mwaka wa 14. Nikujibu kwa ninayoyaishi.

Ikishaswaliwa alasiri huwa barazani, Ngamiani hapa Tanga, nacheza bao. Bustani ya mchicha ninayo, na Jumapili huenda kuogelea, lakini bao ndilo lililonishika.

Kwa asiyelijua: bao la kiswahili lina mashimo 32, safu nne za manane, na kete 64. Sisi tunatumia komwe zenyewe, zile mbegu ngumu za kijivu, zimeng'aa kwa kushikwa. Kila mmoja huanza na kete 10 ubaoni, sita kati yake zimo kwenye nyumba, shimo kuu la safu ya mbele, na 22 za mkononi, ambazo hunamua, yaani huzitia ubaoni, mojamoja mpaka ziishe ndipo mchezo uingie mtaji, awamu ya kucheza na zilizo ubaoni tu. Ugumu uko hapa: ukila kete za mwenzako, ulizokula unazisambaza upya kuanzia kichwani kwako, yaani shimo la mwisho la safu yako ya mbele. Ya mwisho ikiangukia penye kete, safari inaendelea, pengine unakula tena, mpaka ije ilale kwenye shimo tupu. Mkono mmoja waweza kugeuza ubao mzima.

Wengi hudhani mtu wa hisabati atashinda kwa kupiga hesabu. Hata mimi nilidhani hivyo. Mwaka wa kwanza nilikuwa nahesabu kimoyomoyo kila hatua, na nilifungwa takriban kila siku. Kuna mzee mmoja pale, seremala, tunayemwita Fundi. Siku moja nilishika kete muda mrefu, nafuata mzunguko wa pili kichwani. Fundi akaniambia, "Mwalimu, hiyo inalala kwenye kimbi. Tia." Nikatia. Zikazunguka, zikalala kwenye kimbi, lile shimo la pembezoni mwa safu ya mbele. Alikuwa ameutupia ubao jicho mara moja tu, kikombe cha kahawa mkononi. Nikamuuliza, "Mzee wangu, unahesabuje?" Akasema hahesabu, anaona zinakokwenda, kama unavyojua maji yatapita wapi uani mvua ikinyesha.

Maneno yale sikuyaelewa mara moja. Nilikwenda nyumbani nikaandika programu ya kompyuta initafutie hatua nzuri, na kwa wiki kadhaa niliishi nayo. Nilianza kushinda mara mojamoja, lakini raha ikanitoka, kwa sababu nilikuwa nimeihamishia ofisi barazani. Nikaifuta. Sasa hivi mkono wangu umeanza kujua wenyewe, na Fundi nimeshamfunga mara tatu kwa haki.

Wapo wenzetu ambao burudani na kazi zao zilikutana. Ronald Graham, Mmarekani, alikuwa hodari wa kurusha mipira hewani na kuidaka mfululizo, akawa hata rais wa chama cha kimataifa cha wachezaji wa mchezo huo, na pamoja na wenzake wakaandika hisabati ya mitindo ya kurusha. G. H. Hardy wa Uingereza yeye aliipenda kriketi kwa moyo wote, kama kriketi tu, si kama hisabati. Mimi niko upande wa Hardy. Nasikia watu wakisema ukipumzika ndipo jibu la swali gumu linakujia. Kwangu, barazani, halijanijia hata siku moja, wala siendi kulitafuta. Naenda kwa sababu pale nakaa na wavuvi, mafundi na wastaafu, na hakuna anayeniuliza nimechapisha makala ngapi.

Kwa hiyo usihofu kwa sababu ya somo lenyewe. Niliowaona wakikauka ni wale waliofika chuoni wakaacha walichokuwa wakikipenda nyumbani, wakisema watakirudia wakimaliza shahada. Umetaja kwamba binti yako hushona kofia za mkono, amefundishwa na bibi yake. Anayeshona kofia anapanga viua vilingane pande zote, macho na vidole vyake vimezoea kazi ya subira. Usimwambie aiache ili asome. Siku ya kumfungia sanduku la bweni, mtilie kitambaa, nyuzi na sindano zake. Kofia moja huchukua wiki nyingi, na muhula ni mrefu.