Banda limelala upande: maswali yenu ya mwezi huu

Maswali ya mabanda na stoo za mahindi zilizoinama yamejaa, nimechukua machache. Ila jamani mnaandika "limeinama kidogo", kidogo ndo nini? Chukua uzi funga jiwe, uning'inize kutoka kichwa cha nguzo, afu pima pale chini jiwe limeachana na nguzo inchi ngapi. Nimeomba hivi tangu mwaka jana. Bila hiyo namba nakujibu kwa kubahatisha, na wanaoingia humo kila siku ni watoto wako.

Fundi, stoo yangu ya mbao hapa Mafinga imelala upande wa bondeni inchi nane. Jirani ana trekta, tuivute?

Asante kwa kupima, ila trekta hapana. Nimeshuhudia stoo ya mzee mmoja karibu na Makambako ikivutwa hivyo, dereva aliachia klachi mara moja tu, mwamba wa juu, ule ubao mrefu unaolala juu ya nguzo, ukachomoka, kenchi zinazobeba paa zikashuka na mabati yake yote, na kijana aliyekuwa ndani akavunjika mguu. Kitu kimeinama miaka kumi na kitu unataka kukirudisha kwa dakika mbili? Azima cheni bloku au wenchi ya mkono, vile vifaa vya kuvuta mnyororo polepole kwa mkono, vuta inchi moja, acha mpaka kesho, sikiliza mbao zinalia wapi, vuta tena. Inchi nane ni wiki nzima na zaidi.

Mahindi yatoke yote kwanza. Gunia 100 za kilo 100 ni tani kumi, na zikiegemea ukuta ule ulioinama ndo zinazousukuma. Afu legeza misumari ya mbao za ukutani maana zilishazoea ule mlalo na zitashindana na wewe. Mnyororo funga usawa wa mwamba, pale nguzo inapokutana na kenchi, ukifunga katikati ya nguzo utaivunja. Kama nguzo zimechimbiwa, toa udongo kwenye mguu ili upate pa kugeukia, na nguzo zote zifungwe kwa mbao ndefu ziende pamoja. Pa kushikizia mnyororo pawe mti mnene ulio hai, kama haupo zika gogo futi nne chini. Upande wa pili weka kamba ya kuzuia lisipitilize. Ndani asibaki mtu, na asisimame mtu kwenye mstari wa mnyororo, ukikatika unaua.

Mwezi mzuri kwa huko kwenu ni wa tano, mvua zimekatika, mahindi bado yako shambani, stoo tupu na udongo umeshika.

Nimeegemeza na magogo mawili kwa nje, inatosha?

Inatosha wakati unatafuta fundi. Nyie mnaacha miaka mitatu, gogo linaoza, banda linaangukia njia.

Kunyoosha banda ni bei gani?

Sijaliona.

Kwa nini langu liliinama wakati nguzo ni nene, za mkaratusi?

Hapa ndo nataka kila mtu asome taratibu. Unene hauzuii kuinama. Chukua fito nne, zipigilie ziwe kama fremu ya dirisha, msumari mmoja kila kona, sukuma kwa kidole uone inavyolala. Sasa piga fito ya tano kutoka kona hadi kona, sukuma tena. Haiendi popote. Hiyo fito ya tano ndo bresi, ubao wa mshazari, na kila banda lililolala nililoitwa kuliona, ama fundi hakuuweka ili abane mbao, ama mwenye banda aliukata mwenyewe kwa sababu ulimzuia kupitisha mkokoteni. Mnakata kitu kinachoshika nyumba nzima ili mpate njia! Weka kila ukuta, pande zote mbili za kona, na ukaze kwa bolti maana msumari kwenye mkaratusi mbichi unalegea mti ukikauka.

Sababu ya pili ni miguu. Nguzo huoza pale inapotoka ardhini, juu unaiona nzima. Choma kwa bisibisi, ikizama hiyo imekwisha. Beba mwamba kwa jeki, kata palipooza, mwaga mguu wa zege wenye vyuma bapa viwili, nguzo ikae juu ya udongo ifungwe hapo kwa bolti. Ukinyoosha bila kugusa miguu umepoteza hela.

Mnara wa Pisa kule Italia umeinama miaka yote na haujaanguka, kwa nini mnatutisha?

Ule waliufunga mwaka 1990 kwa sababu waliogopa utaanguka, ukafunguliwa 2001. Walichofanya ni kutoa udongo kidogo kidogo upande wa pili mpaka kichwa kikarudi kama sentimita 45. Yaani na wao walihangaika na miguu, tena kwa taratibu. We una mbao na mchwa.

Nikishanyoosha linarudi tena?

Litataka kurudi. Vuta lipite kidogo timazi, yaani ule uzi wa jiwe, piga bresi zote likiwa bado limefungwa, acha mnyororo siku kadhaa ndo ulegeze.

Nipake oil chafu mchwa wasije?

Kwenye stoo ya chakula usipake, inanuka na ni sumu, nunua nguzo zilizotiwa dawa kiwandani. Ila ungeniuliza habari ya bati ningefurahi zaidi, maana banda likilala matundu ya misumari yanapanuka, maji yanaingia polepole, mahindi yanavunda chini unakoshindwa kuona. Sumukuvu hiyo, sumu ya ukungu. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara iliua watu. Panda juu ukague kila msumari, na gunia zikae kwenye chaga, mbali na ukuta kiasi cha mtu kupita.