Kwa mnaoanza kupima visima Usangu

Vijana mnaokuja Mbarali na dipa begani (utepe wa kupimia unaolia ukigusa maji kisimani), ramani ya maji ya chini ya ardhi huharibikia kisimani kabla haijafika kwenye kompyuta. Mtu anaandika "mita 12" na kuondoka. Mita 12 kutoka wapi? Kama ulipimia mdomo wa bomba, na mdomo umenyanyuka sentimita 60, basi toka ardhini maji yako mita 11.4. Ardhi pale ikiwa mita 1,062 juu ya usawa wa bahari, maji yako 1,050.6. Hiyo ya mwisho ndiyo inayokwenda kwenye ramani. Pigeni alama ya rangi pale mlipopimia, mwenzenu wa msimu ujao asije akabahatisha.

Mwinuko ndio mtihani wenyewe. Usangu ni tambarare, na GPS ya mkononi hukosea kimo kwa mita kadhaa. Kosa hilo tu linatosha kugeuza maji yaonekane yanapanda kuelekea milima ya Kipengere. Pigania bajeti ya mpima ardhi hata kama itabidi upunguze idadi ya visima. Visima vichache vyenye mwinuko wa uhakika nitavichukua mbele ya lundo la visima vyenye mwinuko wa GPS ya mkononi.

Kisima cha kijiji kina foleni ya ndoo tangu alfajiri. Salimia, pitia kwanza kwa mwenyekiti, kisha uliza: "Mama, mmeanza kuchota saa ngapi?" Pampu ya mkono mara nyingi haina tundu la kupitisha dipa, kwa hiyo uje na fundi wa kijiji na spana zake. Pima, subiri dakika kumi, pima tena. Maji yakiwa yamepanda, kisima bado kinajirudishia. Andika hivyo hivyo kwenye fomu, wala usijitafutie wastani.

Uliza pia kina cha kisima na mahali penye matundu ya chujio. Kwenye vijito vinavyoshuka mlimani, upande wa Igurusi na Chimala, utakuta mchanga mnene na kokoto. Ukisogea ndani ya bonde, mfinyanzi unaongezeka. Kisima cha kuchimbwa kwa mkono kinasoma maji yaliyo juu ya mfinyanzi, kirefu kinaweza kusoma ya chini yake. Ukiviunga kwa kontua moja, yaani mstari wa kimo sawa cha maji, umechora kitu kisichokuwepo.

Pimeni vyote ndani ya siku chache, mwisho wa kiangazi kabla mvua za Novemba hazijaanza, kisha Mei mrudie. Kisima kilicho kando ya jaruba lililojaa maji kiwekewe alama. Kinaweza kuwa kinasoma maji ya mpunga.

Sasa mto. Tangu 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na kila mkubwa atakuuliza kama visima vinahusika. Angalia kontua zinapovuka mto: ncha ikielekea juu mto unakotoka, ardhi inaulisha mto; ikielekea chini, mto ndio unaopoteza maji. Lakini jibu hilo linataka visima vya kando ya mto, pande zote mbili. Programu itakuchorea mistari mizuri hadi katikati ya kinamasi cha Ihefu hata kama hukupima kisima hata kimoja huko. Ifute mistari hiyo, au iache kwa nukta nukta.